Bi Anua Amaliza Zamu, Shangazi Abaki na Simu

Tarehe 31 Julai, mtabiri wetu mwandamizi wa hali ya hewa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye faili ana jina lake rasmi. Huku chumba cha rada ni Bi Anua, na hata mkurugenzi akimwita vinginevyo hageuki.

Alianza kwa kusoma kipimamvua uani, miguuni ana mabuti ya mpira yaliyompwaya. Akapanda taratibu hadi akakabidhiwa dawati gumu kuliko yote, la radi za msimu wa baridi. Radi hizo zina taabu yake. Watu wanaamini ngurumo ni mambo ya joto, kwa hiyo ukiwaonya wakiwa wamevaa masweta wanakuona umechanganyikiwa.

Na sisi, tuseme ukweli, tulikuwa tunawachanganya zaidi. Tuliandika kuhusu ukosefu wa utulivu katika tabaka za chini za angahewa. Watu wakasoma, wakaenda zao kuanika nguo. Bi Anua akazua utaratibu. Kabla ya kutoa tahadhari, anampigia simu shangazi yake, mwenye nyumba ya mabati na kamba ndefu ya nguo, na kumsomea. Shangazi akishukuru kwa adabu, basi hajaelewa kitu, tunaandika upya. Shangazi akiiacha simu hewani na kukimbia kuanua nguo, tahadhari inatoka. Jina la Bi Anua lilianzia hapo. Siku hizi hapa ofisini hakitoki kitu mpaka kimepita kwa Shangazi, na wapo waajiriwa wapya waliodhani Shangazi ni mtambo, wakaenda stoo kuutafuta.

Ila mtihani wenyewe ulikuja na harusi ya mwanawe. Hema lilishafungwa uwanjani, wageni walishaalikwa, na rada ikaanza kuonyesha mambo: radi, mvua kubwa na upepo mkali, Jumamosi alasiri, siku yenyewe ya harusi. Bi Anua akampigia Shangazi kama kawaida. Shangazi, aliyekuwa na gauni jipya, akasema ameelewa vizuri sana na ndiyo maana hataki kusikia. Mkwe, yaani mama wa bibi harusi, alikuja juu. Kwake yeye, hii haikuwa dhoruba. Ni mama wa bwana harusi aliyekuwa hamtaki binti yake tangu mwanzo, sasa amepata pa kujificha. Wakubwa wakashauri tahadhari ipunguzwe makali, yaishe. Bi Anua alimjibu mkwe wake kwa sentensi moja tu, ambayo tumeibandika ukutani:

"Bora uninunie ukiwa mzima."

Tahadhari ikatoka, harusi ikahamia ukumbi wa shule. Basi Jumamosi asubuhi kukawa na jua, na anga nyeupe pe! Mkwe akaingia ukumbini amekunja mikono, akakaa akimtazama Bi Anua badala ya maharusi. Bi Anua ameniambia hajawahi kuitamani mvua kwa hofu namna ile, maana isiponyesha amepoteza undugu, na siku nyingine hakuna atakayemwamini. Alasiri upepo ukalinyanyua lile hema likiwa tupu, mabomba na vyote, ukalitua juu ya paa la jirani. Chini yake hapakuwa na mtu. Mkwe alikunjua mikono, akamkumbatia Bi Anua, akalia, kisha akamvuta wakacheze. Leo hafui hata leso kabla hajampigia.

Wasifu huu nao umepita kwa Shangazi. Rasimu ya kwanza nilijaza utumishi uliotukuka na mchango usiopimika, akanishukuru kwa adabu. Nikaichana. Hii ya pili nilimsomea jana. Alicheka mpaka kwenye hema, halafu akanyamaza, nikadhani amekwenda kuanua nguo. Kumbe yupo.

"Sasa mimi nitakuwa napigiwa na nani?"

Nilimjibu kwamba tutampigia sisi, kila tahadhari, mpaka achoke.

Bi Anua, ahsante kwa kila paa na kila kichwa ulichokiwahi kabla ya upepo. Maisha yako ya mbele yawe mema na yenye jua. Anika nguo zako zote, ukalale. Kukibadilika, tutakupigia sisi.