Kofia ya Kitufe

Treni yetu ilikuwa imesimama kwenye taa nyekundu nusu saa nzima, na mshonaji aliyekaa mbele yangu, gauni la bibi harusi mapajani, alikwisha kumlaani dereva na ukoo wake wote.

"Dereva hana kosa, binti yangu," akasema jirani yake, mzee mwenye sare ya reli. "Taa hizi tunaziongoza sisi, kwa vitufe. Asubuhi mafundi waliingia relini hapo mbele, nikakivalisha kitufe cha njia hii kofia nyekundu, mtu asije akakibonyeza, taa ikawa kijani mafundi wakiwa bado relini." "Na anayeivua ni nani?" mshonaji akauliza. "Aliyeiweka. Ndiyo sheria."

Mshonaji akamtazama, akatazama dirisha, akamtazama tena. "Sasa mzee wangu, mbona uko humu?" "Zamu yangu imekwisha." "Kwa hiyo tunamsubiri nani?"

Mzee akasema alimwandikia daftarini mwenzake aliyempokea zamu. Kisha akasema labda alimwambia kwa mdomo. Kisha akaanza kujipapasa mifuko, sijui akitafuta nini, maana daftari la ofisi haliingii mfukoni. "Basi mafundi wameshatoka?" mshonaji akauliza. "Nitajuaje? Si ndiyo maana niliweka kofia!"

Hapo treni ikashtuka, ikaanza kwenda. Behewa zima tukapiga makofi, mshonaji kutushinda wote. Mzee peke yake alisimama, akatoa kichwa dirishani kutazama reli ya mbele, akawa anauliza upepo, "Nani kaivua? Jamani, nani kaivua?"