Kovu Nililoliondoa Kwenye Picha

Mafundi wenzangu mliokusanyika hapa, naanza na kosa langu, kwa sababu nikianza na salamu ndefu nitaogopa na kurudi kukaa. Niliondoa kovu kwenye mkono wa mama mmoja, kisha nikaifuta picha halisi. Nilidhani nimemfanyia wema.

Mnaonijua mnajua kwamba sikufundishwa na mtu. Nyinyi mafundi cherehani mlikaa na walimu wenu, mkachapwa rula mkikosea. Mimi nilijifunza kupiga picha kwa video za kwenye simu, nyumbani kwetu Kasingirima, na kila video ilikuwa inanionyesha namna ya kuondoa kasoro. Nikaamini kwamba ndiyo kazi yenyewe. Ndugu zangu, nawaambia, niliamini kupita kiasi. Nilikuwa naweza kukaa na uso wa mtu mmoja asubuhi yote, naondoa chunusi, nalainisha paji, nanyoosha kola. Mteja anapiga simu, "Kaka, picha vipi?" Namwambia bado. Nikimaliza, ile ya mwanzo naifuta. Niliogopa siku moja mtu ataiona aseme, kumbe huyu naye hupiga vibaya.

Basi nikaitwa harusini, Ujiji. Bibi harusi alikuwa anaolewa mbali, na wakati wa kuondoka akaushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili, hataki kuuachia. Watu walikuwa wanasukumana, nikapata picha moja tu. Ilikuwa nzuri. Hata mimi niliipenda, na mimi sipendi kitu kirahisi. Lakini mkono wa yule mama ulikuwa na kovu kubwa la kuungua, limekunjamana, linang'aa. Mimi nikaona doa. Nikaliondoa taratibu mpaka mkono ukawa kama wa msichana, kisha nikafuta ile halisi.

Nikaipeleka nyumbani kwao. Mama akaishika, akaisogeza mbali, akaanza kucheka.

"Huyu nani huyu?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Na huu mkono nimeuazima wapi?"

Wanawake waliokuwepo wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Dada, umerudi usichana, tukutafutie mchumba!" Nami nikacheka nao, nikidhani nasifiwa. Kisha mama akanigeuzia ile picha.

"Mwanangu, mimi niliungua na mawese yanayochemka, kabla huyu binti hajazaliwa. Alipokuwa mdogo alikuwa hapati usingizi mpaka alisugue hili kovu kwa kidole. Siku ile ya kuniaga ndicho alichokuwa anafanya. Hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa nimeikodolea macho ile picha siku nzima, na sikuona.

"Basi nipe ile nyingine."

"Nimeifuta, mama."

Hakunigombeza. Angenigombeza, pengine ningeelewa. Aliirudisha tu picha kwenye bahasha.

Baada ya hapo nikaacha. Kamera nikaifunga kwenye shati la zamani, nikaisukuma chini ya kitanda, nikaenda kuuza vitenge dukani kwa mjomba, soko la Mwanga. Yule mama anauza mawese pale pale sokoni, kwa hiyo nikawa napita upande wa nyuma, kwenye harufu ya samaki, ili asinione. Watu walidhani nimechoka na kazi. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Kama kile nilichokiita kasoro ndicho kilichokuwa picha yenyewe, basi kazi yangu mimi ni ipi? Nikikuta kitu kimekaa vibaya, nitajuaje kama ni doa au ndilo jambo lenyewe? Swali hilo mpaka leo sijalijibu, kwa hiyo msinitegemee.

Sasa kuna fundi simu mmoja, amekaa humu humu. Jina simtaji, na nyinyi acheni kumgeukia. Nilinunua simu mpya, nikampelekea anibandikie kioo cha kuilinda. Akafungua droo, akatoa lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera ya simu.

"Chukua. Haina mnunuzi. Kila anayejaribu anasema ina ukungu."

Na kweli ilikuwa na ukungu. Ni lenzi ya vitu vya karibu, lazima uisogeze mpaka karibu iguse, na hata hapo ni sehemu ndogo tu ya katikati inayoonekana wazi. Mtu kama mimi alipaswa kuitupa. Jumapili nikaenda nayo Bangwe, ufukweni, walikoanika dagaa. Nikapiga magoti.

Mwanamke aliyekuwa anageuza dagaa akasimama. "We kijana, unawanusa au unawasomea dua?"

"Napiga picha, dada."

"Ya dagaa wangu wote hawa?"

"Ya huyu mmoja."

"Makubwa! Haya, mwambie acheke."

Ndugu zangu, jicho la dagaa lina duara la rangi kama ya dhahabu. Nimekula dagaa tangu nina meno mawili na sikulijua hilo. Karibu na jicho kulikuwa na punje ya mchanga imenata, na sikutaka kuiondoa. Sijui kwa nini. Nikaupiga picha mgongo wa yule dagaa, nikapiga kamba ya mtumbwi, nikapiga kucha yangu mwenyewe. Nilipokuja kushtuka jua lilikuwa kali na sijafuta hata moja. Niliogopa, kusema kweli. Ile furaha ilinirudia bila kuniuliza kama niko tayari.

Siku iliyofuata sikupita nyuma ya soko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe upo! Nilidhani umevuka ziwa, umehamia Kongo. Na hicho ulichokibandika kwenye simu?"

"Ni lenzi, mama. Inaona vitu vya karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu kabisa."

Akajifuta mkono kwa kanga, akaulaza mezani katikati ya chupa za mawese. "Haya, piga."

Nikaisogeza simu mpaka karibu iguse ngozi. Ikatoka picha yenye mkunjo mmoja tu wa kovu unaoonekana wazi, kama mchanga maji yanaporudi nyuma. Pande zote zilikuwa ukungu. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kufuta. Mama akakidaka.

"Unataka kufuta tena? Mtumie mwanangu."

Nikamtumia. Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti. Kwanza tulisikia vyombo vikigongana, kisha binti mwenyewe: "Mama... ni hapo hapo. Hapo hapo nilipokuwa napashika."

Mama akaniambia niirudie ile sauti. Nikairudia. Akataka tena. Mteja mmoja akalalamika, akaambiwa asubiri.

Ile picha ya harusi haikurudi, wala hairudi. Hii mpya haina bibi harusi, na kwa yote niliyojifunza ni picha mbovu. Naitazama na sielewi ni kwa nini inanifanya nitake kutoka nje kupiga nyingine.

Namshukuru fundi wa lenzi. Namshukuru dada wa dagaa, aliyenichekesha bila kujua hali yangu. Zaidi namshukuru yule mama aliyeulaza mkono wake mezani. Na kwenu mnaorekebisha vitu vya watu, nguo, nywele, simu, naomba neno moja tu: muulizeni mwenyewe kabla hamjaondoa kitu.

Kamera nimeitoa chini ya kitanda. Picha halisi sifuti tena, na nikikuta alama mwilini mwa mtu namuuliza kwanza. Wasiwasi bado ninao, lakini napiga picha.