Ugali wa Mtu Mmoja

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, mimi nimekuja kwa mguu na magoti haya mnayajua.

Mimi ni Mama Yohana wa hapa Gungu. Wengi mnanijua kwa dagaa wangu wakavu pale sokoni Kibirizi. Mume wangu alipofariki, watoto walikuwa wameshaondoka, nikabaki na nyumba kubwa na sauti yangu mwenyewe. Ndugu zangu, upweke unamla mtu! Kwetu ugali unaliwa sahani moja, mikono mingi. Nilijaribu kusonga wa peke yangu, nikakaa nao, nikalia. Basi nikaacha kupika. Asubuhi chai ya sukari nyingi na maandazi, mchana andazi lililobaki, jioni chai tena. Dagaa naanika, nauza, mwenyewe sionji.

Polepole vidole vikavimba, magoti yakawaka moto. Kisha akili ikaanza kuniacha. Naingia chumbani, sijui nimefuata nini. Natia chumvi kwenye chai. Mteja wa siku zote ananisalimia, jina lake limepotea. Nikasema hii ni roho ya usahaulifu, nimetumiwa! Nikaingia kwenye kufunga na kuomba. Nafunga, nafungulia chai na maandazi, nafunga tena. Kadiri nilivyofunga ndivyo nilivyozidi kupotea.

Siku moja natoka Kibirizi, jua kali, nikapanda bodaboda. Dereva akaniuliza naenda wapi, nikamwambia Kidahwe. Akanipeleka. Nikashuka mbele ya nyumba niliyozaliwa, nikapiga hodi, nikaita, "Mama! Nimerudi!" Akatoka mwanamke nisiyemjua. Mama yangu alifariki nikiwa binti, na nyumba ile iliuzwa zamani. Yule mwanamke, Mungu ambariki, akanikalisha kivulini, akanipa maji, akachukua simu yangu akampigia mwanangu Yohana aliyeko Mwanza. Mimi bado namngoja mama atoke. Akili iliporudi nikajikuta kwenye mkeka wa watu, sina wa kumwita. Sijawahi kuwa mpweke kama siku ile.

Yohana akasema basi, nyumba iuzwe nihamie kwake. Ni mtoto mwema, simlaumu. Lakini nilijiona huko nimefungiwa geti, nasubiri watu watoke kazini. Nikamwomba anipe muda kidogo. Jirani yangu Mama Asha, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kongo, akanishika mkono mpaka zahanati.

Muuguzi akapima: sukari iko juu, damu pungufu. Akabonyeza vidole vyangu, nikapiga kelele.

"Bibi, unakula nini?"

"Chai na maandazi."

"Na jioni?"

"Chai."

Akanitazama. Akasema mwili wangu umewaka mpaka ndani, na ubongo nao ni sehemu ya mwili, unataka chakula. Akasema hawezi kuniahidi, maana si kila usahaulifu unapona, lakini tuanzie kwenye sahani na dawa. Nikajitetea kwamba nimefunga sana kwa ajili ya shida hii.

"Sikatazi mtu kufunga," akasema. "Ila wewe bibi umefunga hata siku za kula."

Yalinichoma! Mama Asha akadakia hapohapo, "Kuanzia leo jioni tunakula wote, kwangu au kwako, na usinibishie." Tukala sombe, yale majani ya muhogo, tukala matembele, maharage, samaki wa migebuka, na dagaa wangu mwenyewe. Ugali kidogo, mboga nyingi. Chai bila sukari, uchungu wake niulizeni mimi! Dawa sikuruka. Uvimbe ukapungua. Majina yakaanza kurudi, si yote, lakini yakarudi. Yohana alipokuja kunitazama nikampikia, nikamuulizia wanawe mmoja mmoja kwa jina. Akala akamaliza sahani, macho yamelowa, habari ya kuuza nyumba hakuitaja tena. Haleluya!

Wapo watakaosema ni chakula tu. Mimi nasema Mungu alinisikia nilipolia, akanijibu kwa mkono wa jirani.

Sasa, ndugu zangu, niwaambie ukweli wote. Mama Asha amesafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua, na jioni zimekuwa ndefu. Juzi niliitazama birika, nikaitamani. Nikasema hapana. Nikasonga ugali wa watu wanne, nikapanga sahani, nikakaa kusubiri. Hakuja mtu. Angekujaje, na sikumwambia yeyote?

Basi leo nawaambia. Mtumainini Bwana, hamwachi mjane. Lakini na nyinyi njooni. Wewe mama unayekunywa chai ukasema umeshiba, njoo. Nyumba yangu ni ile ya nyuma ya mashine ya kusaga. Maharage nimeyaacha jikoni yameshaiva. Njooni tule, ndugu zangu. Nawaomba.