Hakimu Hakula Mbuzi

Gizani nilisikia kifuniko cha sufuria kikigongagonga: mama mkwe alikuwa akinichemshia chai ya safari. Kulipokucha nilikuwa kwenye basi la Kakuma kwenda Lodwar, nimekaa nyuma ya mwendesha bodaboda aitwaye Ekidor, aliyempakata bintiye.

“Nilimgonga jirani kwa pikipiki, akavunjika mguu, nikashtakiwa,” alimweleza mama mmoja wa kambi ya wakimbizi aliyekaa naye. “Wazee wakatupatanisha. Nikachinja mbuzi, tukala pamoja. Nikaona kesi imeisha, sikurudi kortini. Sasa hakimu ameagiza nishikwe, ndio maana najipeleka.”

“Ndugu yangu, hakimu hakula huyo mbuzi.”

“Lakini mwenye mguu alikula, mama. Yuko pale nyuma na magongo yake, anakuja kusema amenisamehe.”

“Aseme. Ila barabara ni ya serikali.”

“Na mguu ni wa nani?”

Mimi niliona wote wawili wana haki, nikaomba moyoni hakimu naye aone hivyo. Basi liliposimama karibu na mahakama, Ekidor alimshusha kwanza yule mwenye magongo. Binti wa Ekidor akamwambia, “Baba, nitakungoja hapa nje.”