Barua Iliyokaa Chini ya Kikapu

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma mdogo wa marehemu, fundi saa, awasomee maisha ya dada yake, naye amekubali ingawa hastahili, na sababu mtaisikia.

Marehemu, ambaye mlimzoea kwa jina la Mama Fomu hadi lile la kuzaliwa mkalisahau, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967 katika hospitali ya serikali, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akafaulu vizuri, ila karo ilitosha mtoto mmoja tu, akasema asubiriwe mdogo wake akue asome yeye, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake wa kwanza, kupisha watu.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa kufagia zahanati ya mtaa, kazi aliyoifanya hadi mwisho, na tarehe 15 Desemba 1990 aliolewa na dereva wa lori, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka 2004, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni fundi cherehani na mwana ambaye ni fundi bomba.

Mwaka 2009 mshona viatu wa mtaani alifika zahanati amembeba mkewe mgongoni, akaambiwa bima yake ya umma, ile ya watu wa kipato kidogo, imefungwa, kwa kuwa hakuthibitisha kipato na idadi ya watu wa nyumbani kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua, na barua alikuwa nayo mfukoni, haijafunguliwa. Mke alifia kwenye benchi, Mama Fomu akafagia chini ya benchi hilo, na wiki iliyofuata akaweka meza barazani ya kuwajazia watu fomu, na kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi, maana alitujua. Sanduku lake la posta likawa la mtaa mzima, barua zikaingia kwenye kikapu, na sheria ya kikapu ilikuwa moja, ya mgeni juu, ya mwenyeji chini, kwani alisema mpakua chakula hawi wa kwanza kula.

Figo zake zilishindwa Juni 2020, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa bima hiyohiyo. Tarehe 6 Februari mwaka huu wa 2023, macho yakiwa yamefifia, alimwomba mdogo wake ampangie barua, mdogo akaiona ya dada yake, ya kuthibitisha bima kabla ya mwisho wa Februari, akamwambia, akajibiwa kwamba sheria anaijua, naye msomi mzima, aliyesoma kwa karo ya dada, akaitia chini kabisa kwa adabu. Adabu gani hiyo jamani! Juu yake zilikuwepo sitini na tatu, zote zikajibiwa, ikabaki moja.

Tarehe 1 Machi karani wa dirisha la bima, ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alimwambia huku akilia kwamba bima imefungwa, kuirejesha ni siku kumi na nne za kazi, na sheria haina mkubwa wala mdogo, marehemu akamsifu kwamba hajakosea hata neno, na kesho yake akawasilisha fomu. Majirani walichanga akasafishwa damu mara moja, mara ya pili mchango haukutosha, na Ijumaa tarehe 17 Machi, saa nne asubuhi, akafariki. Siku ya kumi na nne ni leo, Jumatano tarehe 22, na tulipokuwa tukifunga jeneza ujumbe uliingia kwenye simu yake, wa kumpongeza kwa kurejeshewa bima.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wa kitengo cha figo, majirani, wafanyakazi wenzake wa zahanati, na karani yule pia, ambaye asinyooshewe kidole, kidole kinyooshwe huku kwa msomaji. Kikapu kipo pale mlangoni, kina barua kumi na moja, wenye nazo mko hapa mnamlilia, na mwisho wa kujibu ni Ijumaa, kwa hiyo futeni machozi, kila mtu achukue yake, kesho saa mbili asubuhi fundi saa atakuwa mezani.

Pumzika kwa amani, dada, na huko uendako ukikuta foleni, tafadhali, safari hii usimpishe mtu.