Bi Mehrunnisa na Miguu Aliyochelewa Kuitazama

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Mehrunnisa Gaffar atavua sare yake ya uuguzi baada ya miaka thelathini na minne katika kliniki yetu ya wanawake, Mji wa Kale. Nimeombwa niandike mimi, Rosebella Auma, karani wa kadi za wagonjwa, kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa na, kwa maneno yake mwenyewe, sina siri. Haya ya leo nimeruhusiwa kuyasema.

Tuanze na raha. Chai yake ya tangawizi imewatoa machozi wageni wengi. Fundi wa rangi aliwahi kuchungulia dirishani kwetu akiwa juu ya ngazi yake; akaambiwa ashuke, azunguke, akapige hodi mlangoni kama watu. Ameshafundisha wauguzi kumi na mmoja, na wote wanamwogopa hadi leo.

Lakini lilikuwako kosa moja, na lilikuwa letu sote. Kliniki yetu ilimpima mwanamke uzito na buibui lake mwilini. Kumwambia apandishe pindo tuliona ni kumvunjia heshima. Basi tukasoma mizani, tukaandika.

Zakiya, muuza kanga wa Biashara Street, alikuja kila Jumatatu akilalamikia miguu mizito, inayouma hata ikiguswa na shuka. Bi Mehrunnisa aliandika kwenye kadi: apunguze kula. Akapunguza. Uso ukakonda, mizani haikushuka sana, akaandikiwa apunguze zaidi. Mwaka 2012 moyo wake ulisimama, tumbo likiwa tupu. Aliacha binti wa miaka tisa, Sadaf.

Bi Mehrunnisa aliitwa kusaidia kuosha maiti, na hapo ndipo alipoiona miguu ile mara ya kwanza. Juu, mbavu zahesabika. Chini, miguu minene, sawasawa pande zote mbili, imejaa alama za damu kuvilia. Unene ulikatika ghafla juu ya kifundo, kama palipofungwa kikuku, na nyayo zilikuwa ndogo za msichana. Mwoshaji hasemi alichokiona. Naye alinyamaza miezi mitatu.

Jumatatu iliyofuata mazishi, saa mbili kasorobo asubuhi, nilisikia mtu akipanda ngazi zetu za mbao. Hatua nzito. Kipandio cha nne akapumzika, akaendelea, akafika. Nikainua macho, kadi mkononi. Hakuna mtu. Sindano ya mizani ilikuwa ikitetemeka. Mie Mjaluo wa kanisani, nikajiambia ni panya. Lo! Panya gani wa kupumzika kipandio cha nne? Jumatatu ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Nilitaka kuacha kazi, wallahi. Bi Mehrunnisa yeye alisimama mlangoni, akaiambia ile hewa tupu: karibu mwanangu, leo sikupimi.

Mwishowe alikwenda kwa mamake Zakiya kuomba ruhusa ya kusema. Mama yule alikubali kwa sharti moja: asipimwe tena mwanamke kabla hajatazamwa miguu. Daktari Qaidjohar ndiye aliyetupa jina: lipidema. Ni mafuta yanayojikusanya miguuni, pengine na mikononi, karibu siku zote kwa wanawake, na mara nyingi hurithiwa. Si ulafi, na njaa haiyaondoi. Dawa ya kuyamaliza hakuna, ila maumivu hupungua kwa soksi za kubana, kukandwa taratibu, kutembea ndani ya maji, na kula vizuri. Tangu hapo tumetundika pazia, na wanawake zaidi ya mia mbili wamepandisha pindo kwa hiari yao. Wengi walilia kusikia kwamba si kosa lao.

Mwezi uliopita, Jumatatu, hatua zilikuja kama kawaida. Kipandio cha nne, pumziko. Ila safari hii nilihesabu watu wawili. Akaingia mmoja tu, na uso uleule wa Zakiya. Nywele zilinisimama! Kumbe ni Sadaf. Harusi yake ni Desemba, na alikuwa na siku nne hajala ili gauni lipite mapajani. Miguu ni ya mamake.

Bi Mehrunnisa alimwagizia mahamri na mbaazi. Kabla ya tonge la kwanza akamweleza yote: kadi, maneno yale, na kwamba mkono ulioyaandika ni wake. Sadaf alizungusha kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Kando yake benchi lililia kama limekaliwa, na hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo ale tu, jamani, ale. Akala. Akamaliza sahani.

Bi Mehrunnisa, ahsante kwa kila mwanamke uliyemwambia ale. Mungu akupe afya, na ustaafu wako uwe wa raha tupu. Nilimuuliza Sadaf kama amekusamehe, akanijibu kwamba bado hajui. Ila ameniagiza nikwambie kuwa siku ya harusi hataki mtu mwingine amvishe soksi zake za kubana, ni wewe.