Boksi la Dola Thelathini na Tisa

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Penhale, hapa Butte, mji wa migodi, upande ambao jua hufika mapema. Saa tatu asubuhi mwenye duka hutoa birika la kahawa na vikombe vya karatasi, nasi tunakaa mpaka birika liishe. Dushan ndiye Jaji, kwa kuwa zamani aliitwa siku tatu kwenye baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani na mpaka leo hajashuka kwenye kile kiti. Arvo tunamwita Gramu. Hali kitu asichokipima kwanza kwenye mizani yake ya barua. Clete ni Winchi. Aliendesha mashine ya kuteremsha wachimbaji mgodini, futi elfu tatu kwenda chini, kwa kutazama alama zilizopakwa rangi kwenye waya, na hakuna aliyewahi kuumia mkononi mwake. Mimi ni Kimya. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunacheza poka, karata za kamari, kwenye gereji ya Clete, kwa senti tu. Jumapili moja Clete alitamka tano, akarusha chipu ya bluu, kile kisarafu cha plastiki ambacho kwetu ni dau la senti ishirini na tano. Baadaye akatamka ishirini na tano, akarusha nyekundu, ya tano. Jaji akasema mbele ya wote kwamba kukosea mara ya kwanza ni bahati mbaya, mara ya pili ni mbinu. Clete akajibu kwamba chipu zenyewe zimefubaa, zinunuliwe nyingine. Tangu siku hiyo walikuwa hawajasalimiana.

Alhamisi iliyofuata, mwezi wa Oktoba, Gramu alikuja na mfuko, akamwaga chipu kwenye kitambaa kati yetu.

— Hizi nyembamba ni za duka la dawa, wale wanaouza kila kitu. Dola tisa boksi zima, gramu mbili kila moja. Hizi nene ni za hapa ndani, nimepewa chache za kujaribu; boksi ni mia tatu kwa dola thelathini na tisa. Plastiki, chuma katikati. Gramu kumi na moja na nusu. Nimepima mara tatu.

— Dola tisa, akasema Jaji. Kesi imekwisha.

— Haijaanza, mzee, akasema Gramu. Weka hizi za dola tisa mezani, mtu afungue mlango wa gereji. Upepo unaondoka na ushindi wako mpaka barabarani.

— Basi mlango usifunguliwe.

— Na sigara zako tuzimeze?

Jaji akanywa kahawa kidogo.

— Nzito ni mbaya kwa mchezo. Mtu akishika kitu kizito anaanza kufikiri. Tukianza kufikiri, tutamaliza Jumanne.

— Wewe hujawahi kuwa na tatizo hilo, akasema Gramu. Binamu yangu wa Missoula alipoteza boti kwa sababu ya chipu nyepesi. Alikuwa anazirusha kama maganda ya karanga. Zingekuwa nzito, mkono ungemwambia acha.

— Binamu yako alipoteza boti kwa sababu ya wiski.

— Wiski aliinywa baadaye.

— Na chuma je? akauliza Jaji. Mnamsahau Kimya ana betri ya kuendesha moyo. Chuma mia tatu mezani, zote zimemwelekea yeye.

Nikasema daktari hakuwahi kunitajia habari za chipu.

— Kwani ulimuuliza?

— Basi na kijiko asishike, akasema Gramu. Ale supu kwa mkono.

— Tena ziwe na nyekundu chache, Jaji akaendelea, maana sasa alikuwa amepata njia. Nyekundu inapandisha damu. Mnadhani taa za barabarani ni nyekundu kwa ajili gani? Wanataka dereva akasirike, asisinzie.

— Na kijani?

— Kijani ni ya kumtuliza ili alipe kodi.

Wakati wa maneno hayo alikuja Leora, yule mama aliyefungua duka la cherehani ng'ambo ya barabara wiki mbili zilizopita. Alikuwa anachongewa ufunguo ndani, akaomba nafasi mwisho wa benchi. Tukasogea. Tukampa kahawa.

Clete alikuwa ameshika chipu moja nene, anaizungusha, kidole gumba kikipita ukingoni taratibu.

— Winchi, gereji ni yako, akasema Gramu. Sema.

— Nene.

— Kwa nini?

— Zina ukingo. Akaokota nyingine. Na rangi ni nzuri. Nyekundu kama hii haiwezi kumchanganya mtu.

Aliyokuwa ameiokota ilikuwa ya kijani.

Mimi niliangalia viatu vyangu. Jaji alinyoosha mkono, akaichukua ile chipu kwenye vidole vya Clete bila kuinyakua.

— Hii ni ya kijani, Clete.

Sikumbuki lini mara ya mwisho alimwita kwa jina lake.

— Labda kuna kivuli.

Hakukuwa na kivuli. Jua lilikuwa usoni mwetu sote.

— Tangu lini? akauliza Jaji.

— Machi. Katikati ya ninachotazama pameziba. Pembeni naona. Nikitazama sikio lako, naiona pua yako kidogo. Nikiitazama pua yenyewe, hapo hakuna mtu.

— Nani anajua?

— Daktari. Na sasa nyinyi.

— Si ungesema Jumapili.

— Jumapili ulikuwa unanihukumu.

Jaji akakiweka kikombe chini, kati ya viatu vyake.

— Nimeteremka kwenye waya wako miaka kumi na moja. Asubuhi na jioni. Halafu nikuite mwizi kwa senti ishirini.

— Ulisema mbinu. Hukusema mwizi.

— Nilimaanisha mwizi.

— Najua, akasema Clete. Ndiyo maana sikukusalimia.

Walikaa hivyo, wote wawili wakitazama barabara, na mmoja wao sijui alikuwa anaona nini. Kisha Gramu, ambaye hawezi kukaa na jambo lisilo na kipimo, akatoa kijisu chake chenye tupa ndogo pembeni.

— Ukingo, umesema. Haya. Nyekundu nazitia mkato mmoja. Bluu miwili. Kijani mitatu. Nyeupe tunaziacha.

Akaanza kusaga palepale. Ile nyembamba ya kwanza ikavunjika. Zile nene zilikubali tupa vizuri, vumbi la rangi likadondoka kwenye suruali yake. Alipomaliza tatu alizichanganya na nyeupe moja kwenye kofia, akaisogeza kwa Clete.

— Funga macho.

— Ya nini kuyafunga?

— Ili mimi niridhike.

Clete akayafunga, akatumbukiza mkono. Nyekundu. Kijani. Bluu. Nyeupe. Tukamrudishia mara ya pili, mara ya tatu, hakukosa hata moja. Gramu akacheka peke yake kama mtu aliyepata uzito kamili. Jaji akatangaza kwamba za dola tisa zimeshindwa kesi, linunuliwe boksi la zile nene, na Kimya na betri yake atakaa mwisho wa meza.

— Jumapili nitawanyoa, akasema Clete, na kwa mara ya kwanza wiki ile aligeuza uso upande wa Jaji, akitazama chini kidogo ya uso wake.

Leora akainama mbele kutoka mwisho wa benchi.

— Samahani, akasema. Mimi sichezi huo mchezo. Na karata atazisomaje?

Tupa ikasimama kwenye mkono wa Gramu. Jaji, ambaye ana jibu hata la taa za barabarani, akainua birika akalitikisa. Lilikuwa tupu. Mwenye duka akaita kutoka ndani kwamba ufunguo uko tayari, na Leora hakuinuka.

— Mimi nilikuwa nimefikiria mpaka kwenye chipu tu, akasema Clete.

Jaji akasimama, akaingia dukani. Tukamwona kupitia kioo akilishusha boksi kutoka rafu ya juu na kuweka noti mbili za dola ishirini kwenye kaunta. Alitoka bila kusubiri chenji, akaliweka boksi mapajani mwa Clete, akakaa karibu naye kuliko alivyokuwa amekaa mwanzo.